Shangazi, mwanangu kaambiwa achore grafu



Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Brooklyn Park, hapa Minnesota. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Baba watoto anaendesha lori la masafa marefu, kuna wiki hatumwoni kabisa. Mtoto mkubwa, wa kiume, ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Mdogo wake wa kike ndiyo kwanza kaanza chekechea.

Juzi mwalimu kampa mkubwa kazi ya nyumbani: akusanye takwimu za kitu chochote hapa kwetu, kisha achore grafu mbili, moja ya picha na nyingine ya mihimili. Mimi niliishia darasa la saba Muheza, na hesabu hazikuwa rafiki zangu. Mtoto kafungua tableti, kabonyeza bonyeza, grafu ikatokea ina rangi za kupendeza, kainakili kwenye karatasi. Ikarudi na wino mwekundu: "title?", "scale?", na chini kabisa mwalimu kauliza grafu inatuambia nini. Nilipombana mtoto anieleze namba kazitoa wapi, akasema kazibuni.

Sasa Shangazi, naomba unisaidie. Nimnunulie programu ya kulipia? Nimtafutie mwalimu wa tuisheni? Na nikimwelekeza kwa Kiswahili si nitamvuruga, maana shule yote ni Kiingereza? Huyu mdogo naye analia anataka na yeye achore.

Mama Wawili, Brooklyn Park

*

Mama Wawili.

Nianze na jambo ambalo limekupita. Mtoto wako hakushindwa kuchora, kwa sababu mchoro aliuleta tena wa rangi. Kilichokosekana ni swali. Hakuwa na kitu anachotaka kukijua, kwa hiyo hakuona haja ya kuhesabu, na asiyehesabu hubuni. Grafu ya kweli ina mwanzo, katikati na mwisho: mwanzo ni swali, katikati ni kuhesabu na kuchora, mwisho ni sentensi inayojibu swali. Tableti ilimfanyia kipande cha katikati tu. Mwanzo na mwisho havihitaji programu wala tuisheni. Vinahitaji mtu mzima wa kukaa naye dakika ishirini na kumuuliza, na mtu huyo ni wewe, darasa la saba lako likiwa linatosha na kubaki.

Anzeni bila karatasi. Mlangoni kwenu, kama mlangoni kwa kila mtu Minnesota majira ya baridi, najua pana lundo la viatu. Waulize wote wawili: nyumba hii ina jozi nyingi zaidi za nini, buti za theluji, raba au ndala? Kila mmoja ataje anachodhani kabla ya kugusa kitu. Kisha wapange mistari mitatu sakafuni, kila mstari uanzie ukutani, jozi nyuma ya jozi. Huyu mdogo ndiyo kazi yake hapa: kuchambua na kupanga. Hiyo ni grafu yake kamili, asubiri kalamu mwakani.

Sasa tazameni kitakachotokea. Jozi tano za buti za wakubwa zinaweza kuufanya mstari mrefu kuliko jozi saba za ndala za watoto, kwa kuwa buti ni kubwa. Mdogo atapiga kelele kwamba buti zimeshinda. Usimsahihishe haraka. Mwambie kaka yake ahesabu, waone mstari mrefu una vitu vichache. Wakishashangaa, chukua yale matangazo ya supamaketi yanayojaza sanduku lenu la barua, kateni vipande vya mraba vilivyo sawa, jozi moja kipande kimoja, mvipange upya kuanzia ukuta uleule. Safari hii ndala zitaongoza kwa haki. Mtoto ameshika sheria mbili ambazo mtu mzima akizivunja gazetini anadanganya taifa zima: kila kitu kianze mstari mmoja, na kila kimoja kichukue nafasi iliyo sawa na ya mwenzake.

Hapo ndipo muingie kwenye karatasi. Tafuta daftari la hesabu lenye miraba, rula na penseli, basi. Mfundishe kwanza kuweka hesabu yake bila kupotea: kila kitu kijiti kimoja, vijiti vinne vikisimama, cha tano kinavikata kwa mshazari. Mafungu ya tano tano yanahesabika kwa jicho. Kisha jedwali dogo la safu mbili, jina na idadi. Mwalimu wake akiona jedwali hilo limeambatana na grafu, hatauliza tena namba zimetoka wapi.

Kwa grafu ya picha, tuseme mmehesabu matunda yaliyoliwa nyumbani wiki nzima: ndizi 14, machungwa 9, matufaha 6. Akichora ndizi 14 mkono utachoka na karatasi itajaa. Muulize afanyeje. Watoto wengi hufika wenyewe kwenye jibu: picha moja isimame badala ya matunda mawili. Ndizi zitakuwa picha saba, matufaha matatu, na machungwa yatamletea kizaazaa kizuri, kwa sababu 9 haigawanyiki kwa mbili. Mwache ahangaike kidogo. Atachora machungwa manne na nusu, na hiyo nusu ataikumbuka kuliko maelezo yako yote. Pembeni aandike kwamba picha moja ni matunda mawili. Mwalimu akiandika "key?" anadai maelezo hayo.

Grafu ya mihimili ndiyo iliyomletea wino mwekundu, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi. Neno "title" ni kichwa cha grafu, na kichwa kizuri ni lile swali lenu likiwa limefupishwa: Matunda tuliyokula wiki hii. "Labels" ni majina ya chini na ya pembeni, ili mgeni asiulize mhimili huu ni wa nini na namba hizi ni za nini. "Scale" ni namba zinazopanda pembeni, na hapa watoto wa umri wake hukosea kwa namna moja inayojirudia. Wanachukua namba walizozipata, 6, 9, 14, wanaziandika pembeni kwa kufuatana kama vipandio, kila moja mraba mmoja juu ya mwenzake. Grafu inapendeza, ila ni ya uongo, kwa kuwa kutoka 6 kwenda 9 ni hatua tatu na kutoka 9 kwenda 14 ni tano, lakini pichani zinaonekana sawa. Mwambie namba za pembeni zianze sifuri na zipande kwa hatua iliyo sawa: moja moja, mbili mbili, tano tano au kumi kumi. Hatua ichaguliwe kwa kutazama namba kubwa kuliko zote na miraba iliyopo. Akichagua mbili mbili, mhimili wa machungwa utaishia katikati ya 8 na 10.

Ukitaka apate mazoezi ya hatua kwa namba kubwa, nchi mnayoishi imewapa bure. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, theluji iliyopimwa uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul ilifika kama inchi 90, moja ya misimu ya theluji nyingi kupita yote iliyowahi kurekodiwa hapo. Msimu uliofuata, 2023 hadi 2024, haikufika hata inchi 30. Wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020 ni kama inchi 51. Mihimili mitatu: 90, 30, 51. Akitaka kupanda moja moja atahitaji karatasi ya kutoka Brooklyn Park hadi Saint Paul. Akipanda kumi kumi, miraba tisa inatosha, na ule wa 51 utapita mstari wa tano kiduchu tu. Halafu muulize msimu upi koleo la theluji lilifanya kazi sana. Mtoto aliyeishi misimu hiyo ana la kusema.

Mdogo akikua, au mkubwa akipenda kwenda mbele, ipo grafu ya mstari, inayofaa kwa kitu kinachobadilika siku hadi siku au mwezi hadi mwezi. Katika viwango vya hisabati vya Minnesota vya mwaka 2007, darasa la tatu wanatakiwa kukusanya takwimu na kuzionyesha kwa jedwali, kwa picha, kwa mihimili na kwa alama juu ya mstari wa namba, pamoja na vichwa, majina na vipimo. Grafu ya mstari inawekwa darasa la tano. Kwa hiyo usimsukume. Lakini kuna moja ambayo mtoto wa nyumba yenye asili mbili hawezi kuichoka, nami nakupa kama zawadi.

Mwambie aandike miezi kumi na miwili chini, na nyuzi za Fahrenheit pembeni, kumi kumi hadi 90. Nimesema Fahrenheit kwa makusudi: ndizo anazoziona kwenye simu na shuleni, na wastani wa kila mwezi wa Minneapolis kwa kipimo hicho haushuki chini ya sifuri, hivyo hatalazimika kuingia kwenye namba hasi kabla ya wakati wake. Wastani wa Januari Minneapolis ni kama 16. Aprili unafika 47, Julai 74, Oktoba unarudi karibu 50. Mstari unapanda kilima na kuteremka. Kwa rangi nyingine achore Dar es Salaam: Januari kama 82, Julai kama 75, na miezi iliyobaki inacheza humo humo katikati. Huo ni mstari uliolala, wenye bonde dogo tu. Kisha akae kimya aitazame. Mwezi wa Julai mistari miwili itakaribia kugusana. Minneapolis ya Julai na Dar ya Julai, ukichukua wastani, ni kama mji mmoja. Na Januari zimeachana kwa nyuzi 66. Bibi yake akipiga simu kutoka Muheza kuuliza huko baridi ikoje, mjukuu ana grafu ya kumsomea.

Hapo tumefika kwenye mwisho wa grafu, ambao ndio mwalimu aliuliza kwa wino mwekundu: inatuambia nini? Kila akimaliza kuchora, muulize maswali matatu. La kwanza, kipi kingi na kipi kichache? Hilo ni jepesi, jicho linatosha. La pili, kimezidi kwa ngapi? Hapa anatoa, na maswali ya namna hii hupatikana kwenye mitihani ya jimbo ya MCA, ambayo hisabati yake huanza darasa la tatu. La tatu, kwa nini iwe hivyo, na sasa tufanye nini? Ndizi zimeliwa 14 kwa sababu mama hununua ndizi, au kwa sababu hazihitaji kumenywa kwa kisu? Wiki ijayo tununue ngapi? Jibu la tatu aliandike kwa sentensi mbili chini ya grafu. Grafu isiyo na sentensi bado haijaisha, hata iwe na rangi saba.

Umeuliza kuhusu Kiswahili. Mwanangu, zungumza naye Kiswahili bila wasiwasi. Kuhesabu, kulinganisha, kukisia na kutoa sababu ni kazi za kichwa, na kichwa kikishaelewa, ulimi wa pili utafuata. Tena mtoto anayelazimika kukueleza kwa Kiswahili alichokifanya shuleni kwa Kiingereza anapitia somo mara mbili, na wewe unagundua papo hapo alipobahatisha. Fanyeni hivi: mazungumzo yote kwa Kiswahili, kisha kichwa, majina na sentensi za mwisho aziandike kwa Kiingereza yeye mwenyewe. Ukimkosoa, mkosoe hesabu, Kiingereza mwachie mwalimu.

Kuhusu programu ya kulipia, weka pesa yako. Siku atakapofika madarasa ya mbele, shule yenyewe itamfundisha kutengeneza jedwali na grafu kwa kompyuta, na atajua kama mashine imepatia au imekosea kwa kuwa alishazichora kwa mkono. Kwa sasa mashine inamnyang'anya maamuzi yote: hatua ya namba, urefu wa mihimili, hata rangi. Mskochi William Playfair alitoa grafu zake za mistari na mihimili mwaka 1786, zote za kuchorwa kwa mkono. Na mwaka 1900, W. E. B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi, alipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris chati zipatazo sitini alizotengeneza pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Atlanta, kwa wino na rangi za maji. Ziliionyesha dunia maisha ya watu weusi wa Georgia na Marekani yote: kusoma, kazi, ardhi waliyomiliki, na hatua walizopiga tangu utumwa uishe. Zimehifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani na picha zake zinatazamwa bure mtandaoni. Mfungulie mwanao azione. Ajue kwamba watu wanaofanana naye walichora grafu walipokuwa na jambo la kuuambia ulimwengu.

Tuisheni nayo isubiri. Maktaba za Hennepin County, na Brooklyn Park imo humo, zina huduma ya bure ya kuwasaidia wanafunzi kazi za nyumbani. Kwa wanaonisoma upande wa Saint Paul, huduma kama hiyo ipo maktaba ya jamii ya Rondo, kwenye University Avenue na Dale Street, reli ya Green Line inapita mlangoni. Uliza dawati la tawi lililo karibu nawe siku na saa, kwa kuwa ratiba hubadilika. Na ukienda kumwona mwalimu, omba mkalimani wa Kiswahili kabla ya siku yenyewe. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, chini ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, kumweleza mzazi kwa lugha anayoielewa, na hulipii chochote. Usimfanye mtoto kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe, atajitetea mno.

Najua usiku uko kazini na mchana unalala, kwa hiyo nisikupangie ratiba ya mtu mwenye wasaidizi. Bandika karatasi moja ya miraba kwenye mlango wa friji kwa selotepu. Juu yake andikeni swali la wiki. Kila siku mtoto atie rangi mraba mmoja au miwili anapotoka shuleni, hata kama wewe umelala. Jumapili mkae pamoja dakika ishirini, mmalize kwa maswali matatu. Maswali hayakauki: rangi za magari kwenye maegesho yenu, siku za jua na za mawingu, kurasa alizosoma, mabao ya Simba na ya Yanga mwezi huu. Hilo la mwisho mpe baba yake. Akiwa njiani huko na lori, atapiga simu kuhakikisha mabao ya timu yake yamehesabiwa yote, na mtoto atajifunza kwamba takwimu inahitaji ushahidi.

Tahadhari moja ya kiutu uzima. Karatasi inayoanzia kwenye friji yenu huishia ukutani darasani, na kila mzazi anayepita anaisoma. Mshahara, fedha mnazotuma nyumbani, zamu zako za kazi, idadi ya wageni wanaolala kwenu, hayo si mambo ya grafu ya shule. Wala usimruhusu achore nani katika watoto wawili analia sana au anavunja vyombo vingi. Grafu ya kumwaibisha mwenzake itamfundisha dada yake kuchukia hesabu kabla hajazianza.

Namalizia kwako na kwa wazazi wote mnaonisoma Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake: lile neno la kwamba hesabu hazikuwa rafiki zako, usilitamke tena mbele ya watoto. Mtoto akisikia mama yake zilimshinda, anajipa ruhusa zimshinde na yeye. Mwambie tuhesabu pamoja tuone, kisha hesabuni. Na grafu ya kwanza ya kweli ikishapelekwa kwa mwalimu, niandikie unieleze swali lilikuwa lipi na jibu lilikuwa nini.

Shangazi